Umeme ukikatika Mlandege, barua ziende wapi?

Swali: Shikamoo Maalim. Mimi ni fundi wa kompyuta katika kampuni inayosafirisha mwani na viungo. Ofisi yetu iko Mlandege, Unguja, na tuna tawi Chake Chake, Pemba. Barua pepe zetu zinakaa kwenye seva yetu wenyewe hapa ofisini, tunatumia Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) na Dovecot (ya masanduku na kusomea). Mwezi wa tatu niliweka seva ya pili Dar es Salaam, nikainakili yote kama ilivyo ya kwanza, nikaiandika kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, kwa MX 20 (MX ni mstari unaosema barua ziende seva gani, na namba ndogo hujaribiwa kwanza). Hii ya Mlandege ni MX 10. Wiki iliyopita umeme ulikatika, betri zikaisha, tukakaa gizani kwa muda wa saa tisa. Uliporudi, wafanyakazi wakasema barua za siku ile hawazioni, na mnunuzi mmoja akapiga simu kwamba barua yake kwa oda@ imerudishwa, ameambiwa anwani hiyo haipo. Bosi anauliza hela tulizotia kwenye seva ya pili zimesaidia nini. Nimekosea wapi, na nipange vipi ili siku nyengine barua zihame zenyewe? Bosi pia anapendelea seva ya pili ikae kwenye tawi letu la Chake Chake badala ya Dar. Ni sawa?

Marahaba mwanangu. Kwa ulivyoieleza seva yako, barua za siku ile hazikupotea. Ziko Dar es Salaam, kwenye diski ya seva ya pili, ndani ya masanduku ambayo hakuna mtu anayeyafungua. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma: usiifute seva ile, usiipange upya, wala usiinakili tena kutoka ya kwanza. Ukiinakili leo, hapo ndipo utazipoteza kweli.

La pili ni zito kidogo kuliambia. Kama usingekuwa na seva ya pili kabisa, kwa saa tisa zile usingepoteza barua hata moja, na yule mnunuzi asingerudishiwa yake. Angechelewa kujibiwa, basi.

Kanuni ya SMTP, yaani lugha ambayo seva hupelekeana barua, kwenye waraka RFC 5321 wa mwaka 2008, inamtaka mpelekaji (seva inayoleta barua) akikuta mlango umefungwa aiweke barua kwenye foleni, arudi baadaye. Kati ya jaribio na jaribio inapendekeza apitishe angalau dakika 30, na asikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5. Postfix, ukiiacha kama ilivyokuja, hukaa na barua siku 5 ndipo inamrudishia mwenyewe. Wapo wapelekaji wasio na subira kiasi hicho, hasa mifumo inayotuma namba za siri za dakika kumi, lakini barua ya mnunuzi wa mwani haimo kwenye kundi hilo.

Mimi jambo hili nililiona kwa macho yangu kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, waya wa baharini unaoleta umeme Unguja kutoka Bara ulipoharibika na kisiwa kikakaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Nilikuwa nikitunza seva ya ofisi moja Mji Mkongwe, chumba cha juu, dirisha linatazama uchochoroni, na moshi wa majenereta ya jirani ukipanda mpaka mezani. Jenereta letu lilikuwa dogo. Tuliliwasha saa kumi na mbili za magharibi, tukalizima saa nne za usiku, kwa kuwa mafuta hayakutosha zaidi ya hapo. Kila jioni nilikaa mbele ya skrini nikiitazama logi, ile kumbukumbu ambayo seva huandika kila barua inapoingia. Dakika kadhaa kimya. Kisha inaingia moja, kisha tatu, kisha zinafuatana kama abiria wanaoshuka botini: ya asubuhi kutoka Uingereza, ya mchana kutoka Dar, ya jana yake kutoka Oman. Nyengine zilichelewa hata siku mbili, kwa sababu mpelekaji alikuwa akizidi kuyaachanisha majaribio yake na zamu yake haikuangukia kwenye saa zetu nne. Lakini zilifika.

Kilichotupotezea barua msimu ule kilikuwa chengine. Kampuni moja ilijitolea kutushikia barua kwenye seva yao, wakasahau kuwaandika wafanyakazi wetu wawili wapya. Seva yao ikawa inawajibu wapelekaji kwamba watu hao hawapo. Tuligundua baada ya wiki tatu, na zilizokataliwa hatukuzipata tena.

Tangu siku zile nimeshikilia jambo moja na ndilo nataka ulishike na wewe. Seva iliyozimika iko kimya, na kimya hicho mpelekaji anakielewa: anasubiri. Wa kuogopwa ni yule anayejibu. Akijibu ndiyo kwa barua asiyoweza kuifikisha, au hapana kwa mtu aliyepo, mpelekaji anaamini jibu hilo na kwenda zake. Seva hujibu kwa namba. Majibu yanayoanza na 4 yanamwambia "rudi baadaye". Yanayoanza na 5 yanamwambia "usirudi". Ukiweka seva ya akiba, kazi yako kubwa ni kuhakikisha haisemi 5 pale ambapo ilipaswa kusema 4.

Sasa tuiangalie seva yako. Kikoa chenu, lile jina linalokuja baada ya @, nitakiita mwani.mfano, na seva zenyewe barua1 kwa ya Mlandege na barua2 kwa ya Dar. Uliponakili mipangilio yote, barua2 ilirithi pia ule mstari unaosema kwamba mwani.mfano ni kikoa chake mwenyewe, yaani `virtual_mailbox_domains`. Kwa hiyo barua za siku ile zilipofika Dar, barua2 haikuwa na fikra ya kuzipeleka Unguja. Iliona imeshafika nyumbani, ikazitia kwenye masanduku yake, kazi ikaisha. Na oda@, nina hakika, ni anwani mliyoifungua baada ya mwezi wa tatu. Nakala ya Dar haiijui. Tafuta kwenye logi ya barua2 utakuta mstari wa namna hii:

```
reject: RCPT ... 550 5.1.1 <oda@mwani.mfano>: Recipient
address rejected: User unknown in virtual mailbox table
```

Hiyo 550 ndiyo simu aliyokupigia mnunuzi. Hesabu mistari hiyo yote ya siku ile, andika anwani za waliotuma, mpe bosi wako awaandikie au awapigie leo hii. Zilizorudishwa huwezi kuzivuta tena, ila aliyetuma akiombwa vizuri atatuma upya.

Kuzihamisha zile zilizokaa Dar, tumia imapsync, programu ya kuhamisha barua, sanduku kwa sanduku, kutoka barua2 kwenda barua1. Inazitambua barua kwa vichwa vyake, kwa hiyo ukiiendesha mara mbili haizidishi nakala, na bila kuiamuru haifuti kitu. Mara ya kwanza iendeshe na `--dry` uone itakachofanya kabla haijafanya. Wengi watakwambia tumia `doveadm backup`, amri ya Dovecot, ni ya haraka. Usiitumie hapa. Amri ile inaufanya upande wa pili uwe sawasawa na upande wa kwanza, maana yake barua zilizoingia Mlandege tangu mwezi wa tatu na ambazo Dar haina zitafutwa. Nimemuona mtu mzima akilia kwa amri hiyo.

Kazi hiyo ikiisha, amua seva ya pili ni ya nini, kwa sababu kuna namna mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kushikia: inapokea barua, inaziweka foleni, barua1 ikiamka inazikabidhi. Haina masanduku, hakuna anayeisoma. Ya pili ni ya kuhudumia: ina masanduku kamili, na wafanyakazi wanaweza kuingia na kusoma wakati Mlandege kumezima. Ulichojenga kilikuwa cha kuhudumia kwa umbo, lakini hakuna aliyeambiwa aende kusoma huko, na masanduku hayakuwa yakilinganishwa. Anza na ya kushikia. Kwa kampuni ya ukubwa wenu inatosha kwa muda mrefu.

Utauliza, kama wapelekaji wanasubiri wenyewe, ya kushikia ina faida gani? Inakupa mamlaka juu ya foleni. Barua zikiwa kwa wapelekaji mia, kila mmoja anarudi kwa zamu yake. Zikiwa Dar, umeme ukirudi unatoa amri moja, `postqueue -f`, zote zinaondoka. Unaweza kuzishika siku 10 badala ya 5. Na kukiwa na shehena bandarini inayosubiri jibu, unaweza kuitafuta barua hiyo kwenye foleni na kuisoma kwa `postcat -q` ukiwa na simu yako tu. Hiyo ya mwisho imeniokoa zaidi ya mara moja.

Kwenye barua2, ondoa kikoa chenu kwenye `virtual_mailbox_domains` na kwenye `mydestination` kama kimo, kisha uandike hivi:

```
relay_domains = mwani.mfano
relay_recipient_maps = hash:/etc/postfix/wapokeaji
transport_maps = hash:/etc/postfix/njia
unknown_relay_recipient_reject_code = 450
maximal_queue_lifetime = 10d
```

Na ndani ya faili la njia mstari mmoja:

```
mwani.mfano    smtp:[barua1.mwani.mfano]
```

Mabano yale ya mraba usiyaache. Yanaiambia Postfix iende moja kwa moja kwa barua1 bila kuuliza MX. Ukiyaacha itauliza MX, itajikuta na yenyewe imo kwenye orodha, na kama iko nyuma ya ruta inayobadilisha anwani za IP inaweza isijitambue, ikaanza kujipelekea barua yenyewe mpaka zichoke.

Kwenye orodha ya wapokeaji hapo ukae na mimi kidogo, kwa sababu ndipo penye mambo yote. Faili la wapokeaji lina kila anwani iliyopo kwenye kikoa chenu, na vikundi, na majina ya ziada. Kwa nini barua2 isipokee tu kila kitu, halafu barua1 ndiyo iamue? Kwa sababu watumaji wa spamu wanajua kwamba mlango wenye namba kubwa ya MX aghalabu hauna mlinzi, na hugonga huo makusudi hata wa kwanza ukiwa wazi. Wataleta barua kwa majina ya kubuni elfu moja, na mtumaji pia wamembuni. Barua2 ikizipokea, barua1 ikazikataa, barua2 italazimika kuzirudisha, na zitarudishwa kwa watu ambao hawajawahi hata kukusikia. Baada ya siku chache IP yako imo kwenye orodha za watumaji wabaya, na barua zako halali hazipokelewi kokote. Basi orodha ni lazima.

Lakini orodha huchakaa, kama ilivyochakaa yako. Ndiyo maana nimekuwekea ile 450. Bila mstari huo Postfix humjibu asiyemo kwenye orodha kwa 550. Ukiuweka, inamwambia rudi baadaye. Akirudi, anaanza tena na MX 10, na barua1 ikiwa imeamka, yenyewe ndiyo yenye habari sahihi na ndiyo iseme hapana kama hapana ipo. Mnunuzi wako wa wiki iliyopita angesubiri saa tisa, barua ikaingia, asijue hata kama mlikuwa gizani. Gharama yake ni kwamba baadhi ya watumaji wa spamu watakuwa wanarudi rudi. Ni gharama ndogo sana.

Orodha ipelekwe yenyewe kutoka Mlandege kila dakika kumi kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, kisha `postmap` iligeuze liwe umbo ambalo Postfix inalisoma. Na kwenye hati yako ya amri za kuipeleka tia kizuizi hiki: kama faili jipya ni tupu, au limepungua zaidi ya robo ukilinganisha na lililopo, lisipelekwe, na upate ujumbe kwenye simu. Siku diski ya Mlandege itakapoanza kufa, kitu cha kwanza kitakachotoka ni faili tupu, na seva yako ya akiba itasahau watu wote kwa wakati ule ule unaoihitaji.

Upande wa barua1 kuna matatu yanayowakamata watu. Barua zikija kutoka barua2, barua1 ikipima SPF, yaani orodha ya IP zilizoruhusiwa kutuma barua za kikoa fulani, itaona IP ya Dar inaleta barua za kikoa cha mnunuzi wa Ulaya, itadhani ni za kughushi. Iambie chujio lako, Rspamd au lolote ulilo nalo, kwamba barua2 ni mtu wa nyumbani na SPF isipimwe kwake. Vipimo hivyo vifanyike kule Dar, barua inapoingia. Usifupishe njia kwa kuitia barua2 kwenye `mynetworks`, orodha ya wanaoaminiwa na Postfix, kwa sababu hapo umeipa ruhusa ya kupitisha chochote kwenda kokote. La pili, kama unatumia fail2ban, programu inayozifungia IP zinazogonga kwa namna ya kutia shaka, itoe barua2 kwenye macho yake. Foleni ya saa tisa ikimiminika kwa dakika tatu inafanana sana na shambulio. La tatu ni ukubwa wa barua. Postfix huja na kikomo cha baiti 10240000, kama megabaiti 10. Ikiwa Mlandege umekiongeza kwa ajili ya hati za shehena zilizoskaniwa na Dar hujaongeza, zitakataliwa Dar. Ikiwa ni kinyume chake ni mbaya zaidi: Dar itapokea, Mlandege itakataa, mteja atarudishiwa baada ya kwamba alishaambiwa imefika. `message_size_limit` iwe namba ile ile pande zote mbili.

Sasa DNS. Mistari yako ya MX ni sahihi, 10 kwanza na 20 ya pili. Ungeziandika namba sawa barua zingegawanyika ovyo. Hakikisha tu kila mstari unaelekea kwenye jina lenye rekodi ya A (inayotaja IP yenyewe), na si CNAME (jina linaloelekeza kwenye jina jengine). Ninachokiogopa ni kitu ambacho hukukitaja: seva za majina za kikoa chenu ziko wapi? Ofisi nyingi za Unguja nilizozitembelea zina seva ya barua na seva ya majina kwenye kabati moja, chini ya betri moja. Umeme ukikatika, mpelekaji akiuliza "MX za mwani.mfano ni zipi?" hapati wa kumjibu. Hata kama barua2 iko macho Dar, hakuna anayejua kwamba ipo. Ziwe angalau mbili, sehemu mbali mbali, na moja iwe nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Tanzania na Kenya ziliingia kwenye shida moja kwa wakati mmoja. Kitu kilichoko Dar na kitu kilichoko Unguja havikuwa akiba kwa kila mmoja siku ile.

Na siku ya msiba usiguse rekodi za MX. Nimewaona mafundi wakikimbilia kuigeuza 20 kuwa 10 umeme ukiwa umekatika. Haina haja. Kuchagua mlango ni kazi ya mpelekaji na anaifanya mwenyewe kila anapokuja. Ukibadilisha, mabadiliko yanasambaa polepole, na yanaendelea kusambaa baada ya umeme kurudi.

Suala la Chake Chake. Bosi wako ana hoja, tena nzuri kuliko anavyojua pengine. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wake wa baharini kutoka Tanga, wakati Unguja inapata wake kutoka upande wa Dar es Salaam kupitia Fumba. Waya mmoja ukiharibika wa pili hauna habari. Hilo la 2009 lingetukuta hivi sasa, Chake Chake ingekuwa na taa. Lakini umeme ni nusu ya habari. Muulize mtoa huduma wenu wa intaneti, na mpate jibu la maandishi: njia ya Chake Chake kwenda duniani inapita wapi? Kama inapita Unguja kwanza, kisha ndiyo ivuke, basi faiba ya Unguja ikikatika mmezima zote mbili. Pia mtahitaji IP ya kudumu isiyobadilika, yenye jina la kurudi nyuma (ukiiuliza IP inakupa jina la seva), na poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, iliyo wazi kuingia na kutoka. Laini za kawaida za ofisi mara nyingi hazina hayo. Mkivipata vyote, Chake Chake inafaa. Mimi ningeiacha ya kushikia ikae Dar kwenye kituo cha data chenye majenereta, na Chake Chake nikaweka nakala ya masanduku ya kila usiku. Hapo mna visiwa viwili na Bara, na hakuna waya mmoja unaoweza kuwamaliza.

Barua za kutoka msizisahau. Mlandege kukizima, wafanyakazi wana simu zenye bando na watataka kujibu. Wape barua2 kama mlango wa kutumia, poti 587, kwa majina na paswedi zao. Ili barua hizo zisionekane za kughushi, SPF yenu itaje IP zote mbili, na barua2 iwe na ufunguo wake wa DKIM, ule wa kutia sahihi barua zinazotoka, kwa kiteuzi chake, yaani jina la kuutambulisha ufunguo, mathalani `dar`, wakati Mlandege inatumia `unguja`. Usinakili ufunguo mmoja pande mbili. Ukivuja upande mmoja unalazimika kuubadilisha kote. Kama mna sera ya MTA-STS, inayowataka wapelekaji watumie njia iliyosimbwa na yenye cheti halali, itaje barua2 ndani yake na cheti chake kiwe halali, la sivyo wapelekaji wakubwa watakataa kuipa barua siku mnayoitegemea.

Mkija siku moja kutaka ile ya kuhudumia, yaani masanduku mawili yanayolingana muda wote, jueni mnaingia kwenye kazi ya namna nyengine. Dovecot ilikuwa na kifaa cha kulinganisha seva mbili kila sekunde, lakini kimeondolewa kuanzia toleo la 2.4, kwa hiyo usijenge juu yake. Kinachobaki ni `doveadm sync` kwa vipindi, kila dakika tano kwa mfano. Na uamuzi wa kuhamisha wafanyakazi kwenda seva ya pili usiukabidhi kwa programu. Fikiria: faiba kati ya Unguja na Dar imekatika, lakini seva zote mbili ziko hai. Mlandege inaona Dar imekufa. Dar inaona Mlandege imekufa. Kila moja inajitangaza kuwa ndiyo ya kwanza. Wafanyakazi wa Mlandege wanafuta na kujibu huku, walioko Dar wanafuta na kujibu kule, na waya ukirudi mna kampuni mbili zenye kumbukumbu tofauti. Seva mbili peke yake haziwezi kujua nani amekufa. Anahitajika shahidi wa tatu aliye kwengine. Kwenu nyinyi shahidi huyo awe mtu. Wewe, na mwenzako mmoja wa Chake Chake, mpigiane simu, muamue. Jina la kusomea barua, tuseme imap.mwani.mfano, ndilo lipewe TTL (muda ambao jibu la DNS hukumbukwa) ya sekunde 300 ili mkiligeuza simu za watu zihame ndani ya dakika chache.

Kurudi ndiko kugumu kuliko kwenda, na ndiko watu hawakupangi. Umeme ukirudi, washa barua1 poti 25 ikiwa imefungwa kwenye faiawoli, na 993, ya kusomea barua, vile vile. Leta kwanza yaliyotokea Dar: linganisha masanduku mpaka mwisho. Geuza jina la imap lirudi Mlandege, fungua 993, ngoja watu wawili watatu waingie na waseme wanaona barua za mchana. Ndipo ufungue 25. Mwisho kabisa, `postqueue -f` kule Dar. Ukianza na foleni kabla ya masanduku, barua mpya zitaingia juu ya masanduku yasiyokamilika, na kuzilinganisha baadaye ni usiku mzima. Saa za seva zote mbili ziwe zinachukua wakati mtandaoni na zote ziwe kwenye saa za Afrika Mashariki, maana utakapokuwa unasoma logi mbili kwa pamoja saa nane za usiku hutaki kuwa unajumlisha tatu kichwani.

Kwa sasa fanya hii ya kushikia, na Jumamosi moja asubuhi, ofisi ikiwa tupu, uijaribu bila kungoja umeme ukatike. Mwambie bosi mapema. Funga poti 25 ya barua1 kwenye faiawoli, usiizime seva. Kutoka kwenye Gmail yako tuma barua tatu: moja kwa anwani ya zamani, moja kwa anwani uliyoifungua asubuhi hiyo hiyo robo saa kabla, na moja kwa jina ambalo halijawahi kuwepo. Ingia Dar uandike `postqueue -p`. Unatakiwa uone mbili zimelala kwenye foleni, na kwenye logi ile ya tatu imejibiwa 450. Ukiona 550 popote, simama, rekebisha, anza tena. Ukiona ya pili haimo, orodha yako haisafiri kama unavyodhani. Kisha fungua poti, `postqueue -f`, na uhesabu Mlandege: mbili ziingie, na ya tatu Gmail ikirudi kujaribu ipewe 550 na barua1 yenyewe, kwa mdomo wake.

Fanya hivyo tena kila miezi mitatu, na kila mara tumia anwani mpya kabisa. Na hiyo oda@, kabla ya yote, itie kwenye orodha leo.